Wananiita Mama Sumukuvu

Mtu akinicheka kwa kumwambia kuna kitu kibaya kinakuja simlaumu sana, ya kesho nani anayajua. Wanaonichosha ni wale unaowaambia kitu kibaya kilishatokea, tena hapahapa kwetu, na bado wanacheka.

Mwaka 2016, kuanzia kama mwezi wa sita hivi, watu walianza kuumwa hapa mkoani Dodoma, kule Chemba na Kondoa, na upande wa pili kule Kiteto mkoa wa Manyara. Macho yanakuwa ya njano, wanatapika, tumbo linajaa maji, miguu inavimba. Mwanzoni ikawa inasemwa ni ugonjwa wa ajabu, usiojulikana, na nadhani hilo ndo jina lililobaki vichwani mwa watu mpaka leo. Vipimo vilipokuja vikaonesha ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu (ukungu), kwenye mahindi. Waliohesabiwa kuumwa walikuwa 68, wakafa 20. Na Chemba sio mbali jamani, ni lami tu, ukitoka mjini asubuhi unafika unafanya mambo yako unarudi kulala kwako.

Sasa mi nauza unga wa lishe hapa Dodoma mjini, ule wa mahindi, uwele, soya, na karanga kwa wanaotaka. Kwa biashara kama hii ukikaa kimya kuhusu sumukuvu ni dhambi, kwa sababu mahindi na karanga ndo vinaongoza kwa hii kitu, na uji wenyewe anakunywa mtoto wa miezi nane. Kwa hiyo naongea. Nimeongea dukani, nimeongea kwenye grupu la ukoo, nimeongea kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu pale watu walipokuwa wanapanga kununua mahindi ya bei chee yaliyonyeshewa, na kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mama Sumukuvu. Hata watoto wa dada wananiita hivyo. Nikipakua chakula kwenye shughuli kuna mtu lazima aseme "jamani subirini, Mama Sumukuvu kashapima?" na ukumbi mzima unakufa kwa kicheko.

Shangazi yangu ana hoja moja na hiyo hiyo haichuji. "Mwanangu, babu yako kala mahindi ya kihengeni maisha yake yote, kafa mzee kabisa hana hata jino, hiyo sumu yenu imetoka wapi?" Ukimjibu kwamba tunamkumbuka babu kwa sababu ndo aliyebaki, na kwamba kulikuwa na wadogo zake waliokufa vijana na hakuna aliyeuliza walikula nini, anakuambia acha kuchimba makaburi. Basi unanyamaza maana ni shangazi.

Ila hapo kwenye makaburi ndo penyewe. Wale watu 20 wa mwaka 2016 hawajasahaulika na ndugu zao, hapana. Kilichotokea ni kwamba vifo vyao kwenye midomo ya watu vimeandikwa majina mengine. Huyu alirogwa. Yule ini lilimsumbua. Yule manjano. Nimekaa na mama mmoja mteja wangu, kwao ni huko huko, akanisimulia jinsi nyumba moja walivyoumwa karibu wote huku jirani wa ukuta kwa ukuta hajapata hata mafua, akamalizia "sasa kama ni chakula mbona jirani hakuumwa, si tunalima udongo mmoja?" Kwake huo ndo ushahidi wa uchawi. Na mimi nikisikia hivyohivyo alivyosema naona ushahidi wa sumukuvu, kwa sababu kila nyumba inakula gunia lake. Wewe uliyatandaza chini kwenye udongo yakapata unyevu ukayafungia kwenye kiroba ukakiegemeza ukutani, mwenzio alianika juu ya turubai yakakauka, shamba ni moja lakini kwenye sahani ni vitu viwili tofauti kabisa. Tulisikia habari ileile, kila mtu akaondoka na yake.

Kwa wasioijua nieleze kidogo. Kuna kuvu wanaitwa Aspergillus, wanakaa kwenye udongo, wanaingia kwenye mahindi au karanga hasa zao likiteseka na ukame shambani, na huku kwetu ukame tunaujua, mvua ni msimu mmoja na ikikatika Februari basi tena. Baada ya kuvuna wanaendelea kama nafaka haijakauka vizuri. Wale kuvu wanatoa sumu inayopiga ini. Kuvu unaweza kumuona, ule ukijani au ungaunga, lakini sumu yenyewe haina rangi haina harufu haina ladha, na kupika hakuimalizi, songa ugali mpaka mkono uishe ukikuta ilikuwepo bado ipo. Nyingi kwa mara moja inaua haraka kama ilivyokuwa 2016. Kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini, na mtu mwenye homa ya ini aina ya B hatari yake inapanda sana. Hiyo ya kidogo kidogo ndo mbaya kwangu, maana mtu atakufa baada ya miaka ishirini na hakuna atakayekumbuka gunia.

Na haijaanzia kwetu. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa na wataalamu wakachanganyikiwa, ikaja kuonekana ni chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na hapo ndo sumu hii ikagunduliwa. (Waingereza na karanga wana mikosi, waulizeni watu wa Kongwa kuhusu ule mradi wao wa kulima karanga wa 1947 ulivyokufa.) Jirani zetu Kenya mwaka 2004 upande wa Makueni na Kitui waliumwa watu 317, wakafa 125, kwa mahindi. Hizi sio stori za kwenye status.

Lakini ukizitaja hizo unapata jibu jingine, kwamba ni siasa. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, baada ya siku chache wakaruhusu kwa masharti, na pale sokoni kila mtu akawa profesa wa biashara ya kimataifa, eti wivu tu wa Wakenya, wanataka kushusha bei, sumu gani. Mi sikatai kwamba kwenye biashara kuna fitina. Ila nilitegemea angalau mtu mmoja aseme, hivi na sisi si tulizika watu miaka mitano tu iliyopita kwa kitu hikihiki? Hakuna. Mjomba wangu anayechukua mzigo soko la mahindi Kibaigwa, mtu ninayemheshimu sana na ndo aliyenipa mtaji wa kwanza, akaniambia "mama, usiwape maadui maneno." Yaani kusema marehemu alikufa na nini kumekuwa usaliti.

Ile ya mvua kubwa za El Niño 2023 ilinipa funzo jinsi watu wanavyohesabu. TMA, wale wa hali ya hewa, walitangaza mapema, Agosti, kwamba inakuja. Oktoba huku Dodoma jua kama kawaida, maana mvua zetu hata siku zote hazijaanza muda huo, kwenye grupu letu ikawa ni kuposti picha za anga jeupe na kuuliza El Niño yenu imekwama stendi gani. Tarehe 3 Desemba mlima Hanang ukameguka, tope na mawe yakashuka mpaka Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Grupu likajaa mishumaa na pole. Hakuna aliyefuta zile picha za anga, na Januari vichekesho viliendelea pale vilipoishia, kwamba hapa Dodoma mbona hatukuona kitu.

Na hapo ndo unajua huna mchezo wa kushinda. Likitokea, ni mapenzi ya Mungu. Lisipotokea, ulikuwa unatisha watu. Na ukifanikiwa kulizuia, hiyo ndo kabisa, maana halikutokea! Kuna wateja wangu wameanza kuanika kwenye turubai, wanatumia ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, wanapima ukavu kwa chupa na chumvi (unatia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikigandia kwenye chupa bado kuna unyevu, rudisha juani), wanachambua punje mbovu, wanakoboa kabla ya kusaga kwa sababu sumu nyingi inabaki kwenye pumba. Hawajaumwa. Na mmoja wao kaja kuniambia mbele ya watu "unaona sasa, miaka yote hii hakuna aliyekufa, mlikuza tu mambo." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kitu kinachoniuma zaidi ya jina la utani ni zile punje mbovu zinakoenda. Ukishinda ubishi, mtu akakubali kuchambua, hazitupi. Zinaenda kwa kuku, au kwenye pombe, au zinasagwa unga wa "matumizi mengine" ambao mwisho wa siku unauzwa kwa mtu asiyejua. Pumba nazo anakula ng'ombe, na ng'ombe akila sumu hii sehemu yake inatoka kwenye maziwa. Kwa hiyo mtu anakuwa kaamini vya kutosha kujikinga yeye, ila hajaamini vya kutosha kumkinga anayenunua kwake. Huyu namuogopa kuliko shangazi. Shangazi angalau anakula anachokitetea.

Kwangu dukani nimeacha kuweka karanga kwenye unga wa watoto mpaka nipate mzigo uliopimwa. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na ile aina yake inayoitwa B1 peke yake 5, huwezi kuliona hilo kwa macho hata uwe na macho ya tai, na kupima kunagharimu. Nimepoteza wateja, wanasema unga wangu hauna ladha, na kweli karanga inanogesha uji siwezi kubisha. Mwenzangu wa duka la tatu kutoka kwangu anaweka karanga nyingi na amebandika karatasi mlangoni, "HAPA HAKUNA STORI ZA SUMU". Tunasalimiana vizuri tu kwa Kigogo, mbukwenyi mbukwenyi, na jana alinitumia mteja mwenye mtoto mchanga, akamwambia huyu nenda kwa yule mwehu.