Zamu ya Mkwe

Mashine za kusafisha damu nilizozihudumia Kintore, kijiji cha Wapintupi, wenyeji wa asili wa jangwani Australia, zilipatikana kwa jasho la wenyeji. Zamani figo zikifa ulihamia mji wa Alice Springs, zaidi ya kilomita 500, kwa kuwa damu husafishwa mara tatu kwa wiki. Wengi walifia huko. Mwaka 2000 wachoraji wa Kintore na wa kijiji kingine cha Wapintupi, Kiwirrkurra, walichora picha kubwa za pamoja, zikapigwa mnada Sydney pamoja na kazi nyingine, zikaleta zaidi ya dola milioni 1 za Australia. Wakaunda chama chao, na mwaka 2004 matibabu yakaanza kijijini.

Asubuhi moja tulimngoja bwana mmoja aliyekuja kukaa nyumbani kwa majuma machache. Alifika uani, akageuka, akaenda kuketi chini ya mti, ametupa mgongo. Hospitali ya mjini niliyowahi kufanyia kazi ingemwandikia "amekataa matibabu", yakaishia hapo. Hapa waliitwa kina mama wawili wa kamati. Wakaketi mchangani, wakazungumza Kipintupi kwa muda mrefu, kisha mmoja akanijia: "Ndani yumo mama mkwe wake. Hawezi kumwona."

Mimi ni Mbukusu. Kwetu Bungoma mwanamume akimwona mama mkwe huacha njia, kwa hiyo sikuuliza la pili.

Wakapanga wenyewe: mama asafishwe asubuhi, mkwe alasiri, na gari la kumrudisha mama lisipite upande wa mti. Nikasogeza saa zangu za kazi. Hakuna aliyepiga simu mjini kuomba ruhusa, na kwangu hilo ndilo kubwa. Mwaka 2008 mabaraza ya vijiji zaidi ya 50 ya Northern Territory, eneo ilimo Kintore, yalikuwa yameunganishwa kuwa halmashauri chache kubwa, na mengi ya vijijini yakawa yanaamuliwa mbali. Zamu za damu Kintore zilibaki kwa wanaowajua wagonjwa na ukoo wao.

Saa nane bwana yule aliingia, akanyoosha mkono. Damu ilipoanza kuzunguka nikamweleza ya Bungoma. Akacheka kwa furaha, akamwita mwanawe mlangoni aje asikie, kisha akataka kujua: kwetu nyama anayopewa mama mkwe na mkwewe hupelekwa na nani?