Bunduki ya marehemu baba: jinsi nilivyoiondoa nyumbani

Marehemu baba alituachia ekari sita za mahindi, nyumba ya bati huku Morogoro, na bunduki ya marisau ya mtutu mmoja aliyokuwa akiitumia kufukuzia nguruwe pori. Alipofariki mwaka 2018, kikao cha ukoo kiliniteua mimi, binti yake wa kwanza, kuwa msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha. Shamba na nyumba vilipata wenyewe bila ugomvi. Bunduki ndiyo iliyotuweka katika mvutano wa miaka mitano, na ninaandika haya kwa uchungu kidogo, kwa kuwa karibu kila ushauri niliopewa na watu ninaowaheshimu ungenifikisha gerezani.

Baba mdogo alishikilia kwamba silaha ya mzee ni heshima ya ukoo. "Mwanangu, jambazi huiogopa nyumba yenye bunduki," aliniambia mbele ya wazee, na wengi wakaitikia. Alitaka akabidhiwe mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 22. Nilimweleza kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, aanzie kwa serikali ya kijiji inayoijua tabia yake, kisha maombi yake yapande kwa polisi na kamati za usalama. Mpwa wangu mmoja akaleta mfano wa Marekani, ambako tangu mwaka 1791 katiba inawapa raia haki ya kumiliki silaha. Nikamjibu kwamba hiyo ni katiba ya wenzetu. Kwetu bunduki ni kibali anachopewa mtu mmoja kwa jina lake, na mwenye jina tulikuwa tumeshamzika.

Simdharau anayeogopa majambazi. Duka la jirani yangu lilivunjwa usiku, nami nilisikia kila pigo la shoka mlangoni. Hata hivyo, jambazi anayejua kwamba bunduki ipo anaweza kuja kwa ajili ya bunduki yenyewe, na atakuja wakati mwenye nyumba amelala.

Ushauri mwingine ulikuwa mbaya zaidi. Mmoja aliniambia niitupe mtoni, mto ambao wakati wa kiangazi hukauka na watoto huchimba visima vya mchanga humo humo. Mwingine alijua mwindaji ambaye angeinunua kimyakimya kwa laki kadhaa.

Mwaka 2021 nilichoka, nikaamua kuipeleka mwenyewe wilayani. Niliiviringisha ndani ya mkeka, nikaufunga kwa kamba ya katani, nikauweka juu ya gunia la mpunga nyuma ya bodaboda. Kijana wa bodaboda sikumwambia alichobeba, na hilo linanisuta mpaka leo. Tulikwenda vizuri hadi karibu na geti la ushuru wa mazao, ambapo niliwaona walinzi wakichoma magunia kwa bambo na kufungua kila mzigo. Hapo ndipo akili ilinijia. Ningewaambia nini? Kwamba ninaipeleka polisi? Sikuwa na barua ya mtendaji wala ya mahakama, na hakuna askari niliyekuwa nimempa taarifa. Nilikuwa mwanamke mwenye silaha ya marehemu iliyofichwa ndani ya mkeka. Nilimgonga kijana begani, nikamwambia nimesahau dawa nyumbani, tukageuza. Nauli ya kwenda na kurudi ilinitoka, elfu kumi na kitu, na bunduki ikarudi chini ya kitanda kilekile walicholalia wajukuu wawili.

Septemba 2023, Serikali ilipotoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, hadi mwisho wa Oktoba, nilibadili njia. Safari hii sikuigusa kabisa. Nilichukua kitabu cha leseni cha baba, cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi, nikaenda mikono mitupu kwa mtendaji wa kijiji, naye akampigia mkaguzi wa polisi wa kata yetu. Hili ndilo ninalojivunia, na ndilo ninalomsihi kila mwenye mzigo kama wangu: karatasi zitangulie, bunduki ibaki ilipo, na wenye mamlaka waje kuichukua wenyewe.

Walikuja asubuhi, mkaguzi na askari mmoja. Nilikuwa nimewaondoa watoto. Askari aliivuta bunduki kutoka chini ya kitanda, akaelekeza mtutu ukutani, akaikunja pale katikati inapofungukia. Alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, njoo uone." Ndani ya mtutu kulikuwa na risasi, ganda jekundu lililopauka, kitako chake cha shaba kimeota kutu ya kijani. Ilikuwa imekaa humo tangu baba alipoiweka mara ya mwisho. Niliketi juu ya kitanda. Nilimfikiria yule kijana wa bodaboda, na mtutu uliokuwa umelala nyuma ya kiuno chake katika kila shimo la barabara ile.

Namba ya kwenye chuma ilisomwa, ikalinganishwa na ya kwenye kitabu, nami nikatia sahihi na kupewa hati ya mapokezi. Sikulipishwa chochote wala kuulizwa kwa nini nimechelewa. Hati hiyo ninaitunza ndani ya jalada la mirathi. Nguruwe pori wangali wanakuja, nasi tunalala shambani kwa zamu, tukipiga madebe na kuwasha moto.

Baba mdogo alikasirika, akakaa wiki tatu bila kufika kwangu. Alipokuja, nilimwamkia, nikampa hati aisome, nikamweleza habari ya risasi na kitanda cha wajukuu. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza kama namba ya simu ya mkaguzi ningali nayo, kwa sababu ghalani kwake, nyuma ya magunia, kuna gobole aliloachiwa na babu, ambalo halijawahi kuwa na leseni. Oktoba ilikuwa imebakiza siku kumi na moja. Tulikwenda pamoja kwa mtendaji kesho yake, mikono mitupu.