Mwaka huu kiangazi hakikuwakondesha ng'ombe wangu

Hapa Njombe mvua zikikata mwezi wa tano, kazi huja kwa mkupuo. Mahindi yavunwe, viazi vichimbwe, banda lizibwe upande wa upepo kabla ya baridi ya Juni. Majani ya akiba ndiyo yalikuwa yakiachwa mwisho. Kila Septemba ng'ombe wangu wawili walibaki mbavu tupu.

Mwaka juzi niliambiwa nivundike saileji, yaani majani mabichi yanayofungiwa bila hewa yawe malisho ya kiangazi: kata mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, jaza mifuko, funga, basi. Nikakata asubuhi, majani yana umande, nikafunga siku hiyohiyo. Baada ya wiki sita nikafungua mfuko wa kwanza. Uvundo ulinirudisha nyuma. Majani meusi, yanateleza kama sabuni iliyolowa, na chini maji ya kahawia. Ng'ombe mkubwa alinusa, akapuliza pua, akageuka. Mifuko kumi na minne nikaimwaga kwenye shimo la mbolea, jasho la familia nzima. Mpaka leo inaniuma kwamba aliyenielekeza hakutaja kunyausha.

Safari hii nilikata mabingobingo yakiwa kiunoni, yale ya kunipita kimo ni mabua matupu. Nikayatandaza juani kutwa, ndipo nikayakatakata. Kipimo ni mkono: chukua konzi, kamua kwa nguvu, fungua. Maji yakichuruzika, bado. Bonge likiganda kama tonge la ugali, bado. Likifumuka polepole na kiganja kikabaki na unyevu tu, shindilia.

Molasi, ile shira nyeusi ya viwanda vya sukari, niliizimua kwa maji, nikanyunyiza kila tabaka. Kushindilia niliwaachia watoto. Waliruka ndani ya pipa hadi mdogo akasema, "Baba, sasa ni kama sakafu." Hewa ikibaki, ukungu unaingia. Mapipa manne ya mtumba, pamoja na molasi, yalinitoa kama laki mbili na kitu. Usinunue pipa lililobeba dawa za shamba, hata kwa bei ya bure.

Mabua ya mahindi nayo nilikusanya yote, sikuchoma hata moja.

Agosti nikafungua pipa. Rangi ya kijani inayoelekea njano, harufu ya togwa lililochacha. Ng'ombe alitia mdomo kwenye ndoo kabla sijafika horini. Nawapa baada ya kukamua, maana maziwa hudaka harufu ile upesi. Oktoba hii, vumbi tupu nje, bado tunakamua ndoo ya lita kumi kila siku.