Napima muda wa mng'ao wa rubi kwa kopo la maziwa

Jamaa mmoja aliniambia bila leza ya pikosekunde na mamilioni ya kununulia kigunduzi, nisahau kupima muda wa floresensi, yaani muda ambao kitu huendelea kung'aa baada ya kumulikwa, hapa Dodoma. Kwa rangi kama floresini, ambayo mng'ao wake hudumu nanosekunde 4 hivi, sikatai. Lakini mimi shida yangu ilikuwa rubi, lile jiwe jekundu la thamani! Kromiamu iliyomo ndani yake hubaki iking'aa milisekunde 3 hadi 4, karibu mara milioni moja ya hiyo floresini yake.

Vifaa vyangu: LED ya kijani, fotodayodi (inayogeuza mwanga kuwa umeme), amplifaya ya kukuza umeme huo, kadi ya sauti ya stereo na kopo la maziwa ya unga nililolipaka rangi nyeusi ndani. Vyote havikufika laki mbili, ukiacha nauli ya kuvitoa Kariakoo. Kichujio ni plastiki nyekundu ya taa ya nyuma ya bodaboda: inakaba kijani, inaachia wekundu wa rubi, ule wa nanomita 694.

Taa inapanda na kushuka kwa hezi 45, na mng'ao wa jiwe unaifuata kwa kuchelewa. Jiwe la milisekunde 3.5 huchelewa digrii 45, yaani moja ya nane ya mzunguko wa wimbi; kutoka kwenye digrii unapata muda, hesabu imekwisha. Ujanja ninaojivunia ni huu: wimbi la taa nalo nimelipitisha kwenye kadi ileile, kushoto taa, kulia jiwe. Kadi ikichelewesha, inachelewesha yote mawili.

Hata hivyo namba zilikuwa zinacheza ovyo. Nikakaza nyaya, nikafunga kopo kwa foili, wapi! Mara umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu iko kwenye betri, niko gizani, natazama mstari umetulia tuli. Kumbe zile hezi 50 za umeme wa ukutani ndizo zilikuwa zinaniharibia. Tangu siku hiyo kila kitu ni betri, na umeme ukikatika mimi ndiye ninayeshangilia.

Vipande vya rubi vya Winza, kule Mpwapwa, vina chuma kinachofifisha mng'ao, kwa hiyo usibanie ukuzaji wa amplifaya. Na pima kwanza kopo tupu. La kwangu lilisoma kitu bila jiwe: kijani kilikuwa kinavuja, na kikivuja muda unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Nikapandanisha plastiki mbili, kopo tupu likashuka karibu na sifuri, na rubi ya kiwandani ikapanda hadi milisekunde 3.4.