Nilivyopima unyumbufu wa uso wa waya wa nano wa shaba kwa laptop, Kigoma

Anayefunga madumu ya mawese kwenye baiskeli kutoka Ujiji kwenda Mwanga anaujua vizuri ukanda wa mpira wa tyubu. Unabana mzigo kwa sababu umeshavutwa. Ukiuvuta zaidi, nguvu unayohitaji inaongezeka. Uso wa waya wa shaba wenye upana wa nanomita chache una tabia hizo mbili: ubanaji uliopo tangu mwanzo ni mkazo wa uso, na kiasi unachoongezeka kwa kila asilimia ya mvuto ni unyumbufu wa uso. Kuzitenganisha ndiyo kazi yenyewe.

Nilitumia LAMMPS, programu ya bure ya kuigiza mwendo wa atomu, na faili la Cu_u3.eam linalokuja nayo, lenye kanuni za jinsi atomu za shaba zinavyovutana. Seli ya fuwele, yaani kipande kidogo kinachojirudia, ina upande wa 0.3615 nm. Waya wa kwanza nilitengeneza wa seli 10 kwa 10, urefu seli 20, yaani atomu 8,000. Mhimili na nyuso za pembeni zote ziko kwenye mwelekeo wa [100], yaani sambamba na kingo za seli. Kila upande niliacha ombwe la nm 2. Urefu unajirudia bila mwisho, hivyo hakuna ncha za kushikilia.

Kabla ya kuvuta, acha waya ujifupishe wenyewe kwa amri ya fix box/relax upande wa z (urefu wa waya) pekee, shinikizo sifuri. Usiruke hatua hii. Chukua mkazo wa uso, f, wa 1 N/m: kiini, yaani sehemu ya ndani ya waya, kinabanwa kwa 4f/h, ambapo h ni upana wa waya; kwa h ya nm 3.6 ni takriban GPa 1.1. Moduli ya Young (kipimo cha ugumu: mkazo ukigawanywa kwa mvuto) ya shaba kwenye [100] ni karibu GPa 67, kwa hiyo waya unafupika kwa asilimia 1.7 hivi. Ukipima mvuto kutoka urefu wa shaba nene, sifuri yako imehama na kila namba inayofuata ni mbovu.

Kisha nilivuta na kubana kwa hatua za asilimia 0.1, kutoka -0.5 hadi +0.5, nikizituliza atomu kila hatua. Usitegemee kigezo cha nishati kusimamisha utulizaji, kwani kinasimama mapema wakati atomu za kona bado zinasogea. Weka sifuri na utumie kigezo cha nguvu, 1e-8. Hifadhi faili la kuanzia upya kila hatua, maana umeme ukikatika na betri ni chovu, unaanza mwanzo.

Mtego mkubwa ni ujazo. LAMMPS inagawanya mkazo kwa ujazo wa boksi lote, ombwe likiwemo. Kwa boksi langu hilo linaufanya waya uonekane laini karibu mara 4.4. Nilizidisha kwa eneo la boksi, nikagawa kwa eneo la waya. Na eneo la waya lenyewe? Ukipima kati ya vitovu vya atomu za pembeni unapata upande wa nm 3.43, ukihesabu atomu zote mara ujazo wa kila moja, nm³ 0.0118, kisha ukagawa kwa urefu na kutafuta kipeo cha pili, unapata 3.615. Tofauti ya eneo ni karibu asilimia 11, inayoweza kuwa kubwa sawa na athari unayoitafuta. Mimi nahesabu atomu.

Nilirudia kwa seli 14, 20 na 28, nikachora moduli dhidi ya 1/h. Mstari ukifika 1/h sifuri lazima uangukie karibu na 67. Usipofika hapo, rudi kwenye eneo. Mteremko kwa GPa·nm ni sawasawa na N/m, na kinadharia ni 4S, S ikiwa unyumbufu wa uso. Lakini si wote ni wa uso! Kiini kilichobanwa asilimia 1.7 hakina tena moduli ya shaba iliyotulia. Nilichukua donge la shaba lisilo na uso, nikalibana kiasi kilekile huku pande zikiwa huru, nikapima moduli yake, nikaitoa kwenye ile ya waya. Kinachobaki ndicho cha uso, na kinaweza kuwa hasi: kuna nyuso laini kuliko kiini, kutegemea mwelekeo wa fuwele.

Kwa dhahabu, usishuke ovyo. Diao, Gall na Dunn walionyesha mwaka 2003 kwamba waya wa [100] wenye eneo chini ya nm² 4 hivi unabadilisha muundo wa fuwele wenyewe, bila kuvutwa.

Ukikunja, 4S inakuwa 8S kwa waya wa mraba, kwa kuwa uso uko mbali na katikati. Hapo mkazo wa uso nao unaingia: waya uliofungwa ncha zote mbili unakuwa mgumu zaidi, ulioshikwa ncha moja unalegea, hata kama S ni ileile.