Nilivyomfunga aliyenizidi reti kwa ufunguzi unaodharauliwa

Mchezaji wa chesi anayekuzidi alama 200 za Elo (kipimo cha uwezo, yaani reti) hutarajiwa kuvuna 0.76 ya pointi kwa kila mchezo. Sare inampunguzia reti, na hapo ndipo nilipomtegea. Nilikuwa na nyeupe. Alipojibu kwa Ulinzi wa Kifaransa nikabadilishana askari mapema: 1.e4 e6 2.d4 d5 3.exd5 exd5 (herufi ni safu ya nyumba za ubao, nambari ni mstari, x ni kula). Wengi huuita ufunguzi wa kuomba sare. Ni kweli, ukiendelea kubadilishana kete. Ukizibakiza ubaoni, atakayevunja ulinganifu ni yule mwenye haja ya kushinda.

Nilipanga farasi f3 na d2, askofu d3, mfalme g1, ngome e1, askari c3. Yeye: maaskofu d6 na g4, farasi c6 na e7, malkia d7, kisha mfalme c8. Nikasukuma b4, naye akajibu g5. Malkia wangu akaenda a4, akasukuma h5.

Sasa mtazame farasi wa c6. Askari wangu akifika b5, farasi huyo anabaki na nyumba moja tu salama, b8, kisha a7 inaliwa. Kumpeleka mfalme b8 kulinda a7 kunaonekana ndiyo dawa, ila kunaziba nyumba hiyohiyo: maadamu mwenzake yuko e7, farasi amekwisha. Nikasukuma b5, akarudi b8, malkia wangu akala a7. Usile kabla ya kuhakiki njia ya kutokea. Hapa safu ya a ilikuwa wazi hadi a4.

Baadaye b7 ikaanguka, malkia wakabadilishana, tukabaki na ngome mojamoja na askari wangu wa a asiye na wa kumzuia. Ngome yangu niliiweka a1, nyuma ya askari. Kila hatua ya askari iliipa nafasi na kuibana ya mpinzani. Ukikosea ukaitanguliza a8, askari akafika a7 huku ngome ya mpinzani iko nyuma yake na mfalme wake g7, ngome yako haitoki tena na mchezo ni sare.

Akiba ya saa nayo ilisaidia: dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, na ufunguzi huu hauli muda. Askari alipofika a7 ilibidi mpinzani atoe ngome yake kumzuia. Akakubali kushindwa, akatia saini karatasi ya mchezo.