Kofia ya babu kwa Bibi wa mnazi

Kofia yenyewe ilikuwa ya kijivu, ya kitambaa kizito, na babu ndiye aliyenivisha siku nilipopanda treni Tabora kwenda kuanza chuo kikuu Dar es Salaam. Aliivua kichwani kwake, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akanivisha mbele ya watu stesheni pale. Sikumwona tena.

Alifariki katikati ya mwaka 2006, mitihani ikiwa imeanza. Simu iliingia alfajiri, na maziko yalikuwa jioni ile ile. Treni ya reli ya kati haikuwa ya kila siku, bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeshaisha, na karatasi ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi. Kutoka Dar hadi Tabora kwa reli ni kilomita 840 hivi. Nilikaa kwenye ngazi za bweni mpaka kukapambazuka, kisha nikaingia chumba cha mtihani. Sikulia. Wenzangu walinipa pole, nami nikazipokea kama mtu anavyopokea salamu za njiani. Mitihani ilipokwisha yakafuata mafunzo kwa vitendo, ambayo yangenishika Dar hadi Septemba.

Wiki ya tatu baada ya msiba, rafiki yangu akanipigia. Tulisoma sekondari pamoja Tabora. Yeye ni Mgogo, na baada ya kidato cha sita alikwenda Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kile kilichoanzishwa 1981, kwa ajili ya ilimba tu, ile ala ya Kigogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Hukwe Zawose, Mgogo mwenzake aliyeipeleka ilimba duniani kote, aliishi Bagamoyo na kufariki Desemba 2003, na rafiki yangu alipenda kuwa karibu na alikopita yule mzee. "Njoo Jumamosi," akaniambia. "Umekaa sana peke yako."

Nikapanda kosta Mwenge. Ni kama kilomita 70, na njia nzima kofia ilikuwa mapajani, maana dirisha lilikuwa halifungi.

Mchana alinitembeza mji. Tulipita magofu ya Mji Mkongwe, tukafika misheni ya Wakatoliki, ile ya 1868, na kusimama chini ya mnara ambako maiti ya Livingstone ililazwa Februari 1874. Habari yenyewe nilikuwa naijua tangu shule ya msingi. Ila siku hiyo iliniingia kwa namna nyingine. Livingstone alifia huko iliko Zambia sasa, Mei 1873. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaubeba miezi tisa hivi kwa miguu hadi pwani. Mtu ambaye hata hakuwa ndugu yao. Nami nilishindwa kusafiri siku moja na nusu nimekaa kwenye kiti kumzika aliyenilea. Sikumwambia rafiki yangu neno hilo. Nilimwomba tu tuondoke.

"Basi twende kwa Bibi," akasema.

Kwa Bibi palikuwa kilabu cha mnazi kwenye kona ya vichochoro viwili, mwendo mfupi kutoka chuoni kwao. Paa la makuti, kuta za udongo hadi kiunoni, na upande wa barabarani khanga mbili kuukuu zimetundikwa ili wapita njia wasione wanywaji. Bagamoyo ni mji wa dini, na Bibi aliiheshimu hali hiyo kuliko wengi wasiouza chochote. Ikiadhiniwa, redio inazimwa, ngoma inalazwa, na hakuna anayeinua kikombe mpaka mwadhini amalize.

Wanafunzi walipapenda, na niliona kwa nini. Kikombe kimoja kilikuweka pale tangu alasiri hadi usiku. Aliyeishiwa alikunywa kwa mali kauli, na deni lake Bibi alilichora ukutani kwa mkaa, mstari mmoja kwa kila chupa, kila mtu na sehemu yake. Ngoma zao walizilaza pembeni, nyuma ya madumu, kwa sababu bwenini hazikuwa na nafasi. Mgema aliingia jioni akiwa bado na kotama kiunoni, miguu imechunika kwa magome ya minazi, akamimina tembo alilotoka kuligema. Hilo la muda ule ni tamu, linatoa povu jepesi na harufu ya hamira. Akina mama wa jirani huja na vikombe kuchukua la kuumulia vitumbua. Likilala hadi kesho linakuwa kali. Likikaa zaidi ya hapo ni siki.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Na huyu uso mkavu umemtoa wapi?"

"Rafiki yangu wa Tabora, Bibi. Mnyamwezi."

Bibi akapiga makofi mara moja, akasimama. Alikuwa Mzaramo, mfupi, wa miaka sabini hivi. "Mpagazi wangu! Mwangaluka!" Hiyo ni salamu ya asubuhi na jua lilikuwa linazama, lakini ndiyo pekee aliyoijua na aliitoa kwa furaha. "Mzigo umeutua wapi? Pembe ziko wapi?" Kabla sijajibu akaichomoa kofia kichwani mwangu. "Rehani hii!"

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ule udugu wa mizaha na wa kusimamiana msibani, ni wa njiani, wa zama za misafara. Watu wetu walishuka kutoka Unyanyembe, huko kwetu Tabora, na pembe za ndovu mabegani, mzigo wa frasila mbili, kilo 30 na ushee, kwa muda wa miezi mitatu hivi, na walipofika huku walihitaji mtu wa kuwapa maji na mahali pa kulala, na wa kuwazika kama safari imewamaliza. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini mkono wangu uliifuata ile kofia kwa nguvu, na nikasema kwa sauti ambayo sikuikusudia, "Bibi, hiyo naomba uniachie."

Watu wakanyamaza. Rafiki yangu akamwinamia, akamweleza kwa sauti ya chini: kafiwa na babu yake, kofia ni ya marehemu, na hakuwahi kuzika.

Nilitegemea anirudishie. Hakunirudishia. Aliigeuza, akaitazama ndani, pale kwenye ukingo palipokuwa peusi kwa jasho la miaka.

"Mtani gani alisimama msibani?"

"Sijui, Bibi. Sikuwepo."

"Basi kwetu bado. Babu yako hajatoka nyumbani." Akaniuliza, "Alikuwa akitembeaje?"

Wakati huo umeme ukakatika. Ulikuwa mwaka wa mgao mkubwa, mabwawa yamekauka, na hakuna aliyeshangaa. Redio ikazimika, mjukuu wake akawasha koroboi. Nikajibu kwa shida. Nikasema alitembea ameinama kidogo, fimbo kailaza kwa nyuma, kaishika kwa mikono yote miwili. Nikasema kabla ya kukuuliza lolote alikohoa mara mbili, na swali lake la kwanza kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, lilikuwa moja tu: umekula?

Bibi akaivaa kofia. Akachukua ile kata yake ya kifuu yenye mpini mrefu, akailaza mgongoni, akainama. Akaanza kutembea kati ya mabenchi. Namna alivyomjua sielewi hadi leo. Hakuongeza wala hakupunguza. Hata ule mguu wa kushoto aliuburura kidogo, na hilo sikuwa nimemwambia. Rafiki yangu alikuwa ameitoa ilimba kwenye mfuko, akaanza kuipiga polepole, na kijana mmoja nyuma ya madumu akaweka kiganja juu ya ngoma, akafuata mwendo wa Bibi hatua kwa hatua.

Alifika mbele yangu. Akakohoa mara mbili.

"Umekula?"

"Nimekula, babu."

"Mwongo wewe! Ungekuwa umekula ungekuwa na nguvu za kuja kunizika!"

Kilabu kizima kikalipuka kwa kicheko, nami nikacheka. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Bibi akazidi: akamdai mgema mahari, akalalamikia pwani kuwa haina ugali wa maana, akaniuliza kama huko chuoni wananifundisha njia ya kurudi nyumbani. Na katikati ya kicheko hicho ikaadhiniwa ishaa.

Ngoma ikakatika, ilimba ikakatika. Bibi akabaki amesimama vile vile, ameinama, kofia kichwani, mwanga wa koroboi unamjia kwa chini. Pakawa kimya, sauti ya mwadhini peke yake, na nyuma yake bahari. Nilijua namwangalia mwanamke wa Kizaramo mwenye kata ya mnazi. Machozi yakanitoka hata hivyo, yakatoka yote, na hakuna aliyenigusa wala kunitazama mpaka adhana ilipokwisha. Ndipo Bibi akaja kukaa kando yangu kwenye benchi, akaniwekea mkono kisogoni.

"Pole, mjukuu wangu. Sasa amesikia kuwa umelia."

Nilipoaga usiku ule, kofia haikurudi. Aliitundika kwenye msumari juu ya madumu, na chini yake akachora ukutani mstari mmoja wa mkaa, mrefu. "Hii haitoki hapa mpaka ukazike. Na usirudi mikono mitupu. Nataka asali ya kwenu."

Mafunzo yalikwisha Septemba. Nikapanda treni kichwa wazi, nikafika kaburini, nikaweka jiwe na kumweleza babu habari za Bibi, neno kwa neno, pamoja na lile la mahari ya mgema. Nikakaa pale muda mrefu.

Oktoba, kabla ya masomo kuanza, nilirudi Bagamoyo na chupa ya lita moja ya asali ya miombo, ile nyeusi. Kofia ilikuwa juu ya msumari wake. Bibi akafungua chupa, akachovya kidole cha mwisho, akakilamba huku amefumba macho, na hakusema kama ni tamu au la. Aliuliza tu, "Umemzika?"

"Nimemzika, Bibi."

Akalowesha kiganja kwenye ndoo, akaufuta ule mstari wa mkaa mpaka ukuta ukabaki na doa la maji. Kisha akainua mkono kwenye msumari, akanikabidhi. Kofia ilikuwa imeingia moshi wa koroboi na uchachu wa mnazi, na ukiisogeza karibu na pua, chini kabisa ya hivyo vyote, alikuwepo babu. Nikaivaa hapo hapo.